Filimbi ya Memsaab Niliyoisugua

Mambo haya nimeyaficha miaka mitatu, hata mke wangu nilimwambia nusu, lakini kila nikifungua daftari langu na kuiruka siku ile najiona mwongo, kwa hiyo wacha niyatoe, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe bado sijaweza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mpishi wa memsaab mmoja pale Kileleshwa, mwalimu wa muziki, mtu mwema (lazima niseme, sukari hakuwahi kunipimia), na mimi na mke wangu na watoto wawili tulikaa chumba cha nyuma. Alikuwa na filimbi ya fedha, ndefu kama mwiko wa ugali. Miezi mingi alikwenda mjini kufanya mazoezi na okestra, maana alichaguliwa kupiga muziki mpya kabisa, filimbi moja ikijibizana na okestra nzima, na yule aliyeutunga angetoka Ulaya aje ausikie. Nyumbani huo muziki hatukuusikia, alipiga tu zile sauti za kupanda na kushuka.

Sasa Jumapili yenyewe, asubuhi, nikaiona filimbi mezani, kasha liko wazi, imeingia weusi kidogo. Na Jumapili ndiyo siku yangu ya kusugua vijiko vya fedha, dawa iko mkononi, kitambaa kiko mkononi, nikajiambia, Wekesa, mama asimame mbele ya wakubwa na kitu cheusi hivi? (Hakuna aliyenituma. Naliandika hili kwa sababu ndiyo haki.) Nikaisugua mpaka nikaona meno yangu ndani yake, na dawa iliyoingia chini ya vile vifuniko vidogo vya kubonyeza nikaichokoa kwa njiti ya kiberiti, nikadhani nimeitoa yote.

Saa tisa mchana tulikuwa ukumbini mjini, mstari wa tatu, kwa tiketi alizotupa memsaab, mimi na Mzee Hamisi, dereva wa memsaab, mtu wa Mombasa, ambaye hata koti nililovaa lilikuwa lake. Memsaab akatoka na gauni la kijani. Hamisi akasema, "Mashallah, chombo kinameta," nami nikavimba.

Kisha akaiweka mdomoni, akapuliza, na sauti haikutoka.

Upepo tu. Fffff, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Akapuliza tena, upepo. Akabonyeza, ikalia ta-ta-ta kama kuku anadonoa bati, na okestra ikapiga ukelele mmoja kama watu walioona ajali, ikanyamaza. Niliona jasho shingoni mwa memsaab, nikamwona yule mtunzi mbele ameshika kidevu, nikajua nimeziba filimbi, nimemwaibisha mama wa watu, na kesho watoto wangu sijui watalala wapi.

"Mzee," nikanong'ona, "ni mimi nimeiharibu."

"Umeharibu nini?"

"Filimbi. Niliisugua na dawa ya vijiko."

"Una wazimu weye? Nyamaza, Mungu akusitiri."

Ushauri wake ulikuwa mzuri, nakubali. Lakini nilifikiri, watu hawa watatoka hapa wakisema memsaab hajui kazi, na hiyo si haki. Nikasimama, palepale kwenye kimya kirefu, nikasema kwa sauti ile ya kuita wageni mezani:

"Samahani wakubwa! Msimlaumu! Filimbi ni mimi niliiziba!"

Vichwa vyote vikageuka. Mwenye kijiti, yule anayeongoza okestra, mkono ukabaki juu. Hamisi akanivuta koti, "Keti, bwana we! Watuvua nguo!" na koti likachanika kwapani, krrr, ukumbi mzima ukasikia. Memsaab alinitazama. Halafu akairudisha filimbi mdomoni, akapuliza fffff ileile, na mama mmoja nyuma yangu, mwenye karatasi za muziki magotini, akanigusa bega: "Baba, kaa. Ndivyo ilivyoandikwa."

Ndivyo ilivyoandikwa! Mtu mzima aliketi mezani akaandika upepo!

Nikakaa. Na nisiwe mwonevu, mwishoni filimbi iliimba kweli, na kulikuwa na sauti moja nyembamba, ya kutetemeka, iliyonifanya nisahau koti kidogo.

Tulirudi na gari la memsaab, Hamisi akiendesha. Tulipokaribia Kileleshwa memsaab akauliza, "Wekesa, wewe nasafisha filimbi yangu?"

"Ndiyo, memsaab."

"Ile yote nasikia leo, ile upepo, ile tatata, yote iko kwa karatasi."

Nikashusha pumzi. Hata Hamisi akacheka. Ndipo memsaab akafungua kiganja, na ndani yake kulikuwa na kipande cha njiti ya kiberiti, kidogo kama punje ya mchele.

"Isipokuwa moja," akasema.

Hakunifukuza. Siku hizi nasugua vijiko tu, na nikiwa na kosa naliungama jikoni, kabla watu hawajakaa vitini. Ila sijathubutu kumuuliza ni sauti gani ile moja. Naogopa atasema ni ile nyembamba.