Chuma cha Mguu wa Osinya

Robinah wa Dabani hata kuku akiingia jikoni humtoa kwa kumbembeleza. Sauti yake majirani waliijua kwenye kwaya tu. Lakini tangu bamba la chuma lililounga mfupa livunjike ndani ya mguu wa mumewe, Osinya, hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Daktari wa kliniki moja mjini Busia ndiye aliyelitia, ndiye aliyelitoa. Alimkabidhi Robinah vipande viwili, akasema mbele ya wagonjwa, "Mumeo mkaidi. Nilimkataza jembe, yeye akalima."

Osinya hakugusa jembe. Robinah ndiye aliyemwegemeza mpaka msalani, angelimaje? Lakini neno lilifika Dabani kabla yao. Hata kanisani mtu alimtania, "Mzee wa mihogo, shamba linasemaje?" Osinya akaacha kwenda kanisani. Hilo Robinah hakuweza kulimeza.

Tororo kulikuwa na maabara ya kupima vyuma, na Ofwono, mtoto wa mdogo wake, alifanya kazi humo. Kabla ya kwenda, Robinah alivisugua vile vipande kwa majivu na mchanga, kama sufuria za harusi. Apeleke uchafu kwa watu?

Ofwono alipoviona akashika kichwa. "Mama mkubwa! Umesugua na nini?"

"Na mchanga. Kwani vibaya?"

"Mashine yetu ina ncha ya almasi, nyembamba kuliko unywele. Inabonyeza ngozi ya chuma tu, kina ambacho jicho halioni. Ngozi hiyo umeichubua, na kusugua kumeikaza. Nikipima hapa, itatuambia chuma ni kigumu, hata kama ndani ni kibovu."

Robinah akaketi sakafuni. Kumbe mikono yake mwenyewe ilikuwa imemtetea yule daktari!

"Basi kata, upime ndani."

"Nikikata, hakirudi kilivyokuwa."

"Kile kingine kitabaki. Kata, mwanangu, kabla sijatukana mtu, na nimetoka kusali."

Ofwono akakata, akausugua uso wa ndani kwa unga laini wa kung'arishia, usiochubua, mpaka ukawa kioo. Lori likipita nje alingoja kwanza, maana mtikisiko wa barabara huipotosha ncha ile. Robinah akayalaani malori yote yaendayo mpakani, halafu akamwomba Mungu msamaha. Mwishowe ncha ikabonyeza: hapa ikagoma, pale ikazama kama kidole kwenye ugali. Kwenye hadubini chuma kilikuwa na vitundu tele.

"Kilikuwa kibovu kabla hakijaingia mguuni," Ofwono akasema. "Kingevunjika hata kama angekaa kitini tu."

Robinah akarudi Dabani, akampakia Osinya kwenye boda boda, moja kwa moja hadi kliniki. Daktari alipoonyeshwa majibu akanong'ona, "Mama, mimi sikukitengeneza. Muulize aliyeniuzia."

"Nitamuuliza. Lakini habari ya jembe hakuisema yeye. Uliisema wewe, mbele ya watu. Leo ifute mbele ya watu."

"Wagonjwa wanangoja."

"Wangoje. Hao ndio ninaotaka wasikie." Akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango.

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Daktari, si useme tu? Mtoto wangu ana homa."

Daktari akavua miwani. Akasema mgonjwa wake hakulima. Chuma ndicho kilichokuwa kibovu.

"Mgonjwa wako ana jina."

"Osinya," akasema daktari. "Mzee Osinya hakulima."

Osinya, kwenye mkongojo wake, akafuta macho kwa mkono wa shati. Robinah hakulia. Alisimama, akarudisha kiti mahali pake, akauliza, "Sasa huyo aliyekuuzia anakaa wapi?"