Kumpeleka Zaina Mazoezini Kisangani

Tuliondoka Bafwasende kwa sababu miguu ya binti yangu Zaina ilikuwa inazidi kukakamaa. Alizaliwa akichelewa kupumua. Maneno yake ni mazima, lakini alitimiza miaka minne bila kusimama. Muuguzi wetu aliniambia kwamba Kisangani kuna kituo cha mazoezi kwa watoto kama yeye. Mke wangu Amina alikuwa ananyonyesha mdogo wa Zaina, basi nikafungia vyombo vyangu vya useremala, nikampeleka mimi.

Asubuhi tulipanda pikipiki, Zaina kati yangu na dereva, nimemfunga kwa kitambaa cha kikwembe. Msituni tulikuta lori limezama kwenye matope na kuziba njia. Nikashuka nikambeba, dereva akasukuma pikipiki pembeni. Kila shimo lilimliza, maana magoti yake hayakunyooka. Nilijiuliza kama namtesa bure.

Kisangani, mtaa wa Makiso, kituoni tulipokewa na Maman Régine, mtaalamu wa mazoezi. Alimlaza Zaina kwenye mkeka, akaukamata mguu wake taratibu huku akimwimbia kwa Lingala, mpaka goti likalegea kidogo.

"Atapona siku gani?" nikauliza.

"Bon, papa, sitakudanganya. Hii haiko malaria, ati unakunywa dawa inaisha. Ni kila siku, hata kwenu. Ukiacha, muguu inarudia kukazana."

Nilinyong'onyea. Nilikuwa nimeota kurudi na mtoto anayekimbia.

Wiki zilizofuata, Maman Régine hakuniruhusu kukaa nikitazama. "Leta mikono yako, papa. Yangu itabakia huku." Nikajifunza kumnyoosha bila kumuumiza, na kumkalisha bila kumwegemeza. Mwishowe tukampeleka kwenye vyuma viwili ambavyo watoto hushikilia wakisimama. Alishika, magoti yakatetemeka, akainuka. Alitazama chini, kisha akanigeukia.

"Papa, niko murefu!"

Nilicheka, machozi yakitoka. Kabla ya kuaga nikavipima vile vyuma kwa kamba.

Bafwasende, majirani walijaa uani. "Amepona?" waliuliza mmoja baada ya mwingine, na nilipoanza kueleza mazoezi baadhi yao wakaondoka. Amina alingoja wamalize. Akakaa chini karibu na Zaina.

"Alors, nionyeshe namna unafanya."

Nikamwonyesha. Siku iliyofuata nilikata miti miwili, nikaisugua mpaka ikawa laini, nikaisimika uani kwa kimo cha Zaina. Asubuhi Amina anamnyoosha, jioni mimi. Tukichelewa, Zaina mwenyewe anatuita kwa ukali.

Nilikwenda kutafuta mwisho wa ugonjwa, nikarudi na kazi isiyo na mwisho, na nimejifunza kuipenda. Sijui kama Zaina atatembea peke yake. Jana, akiwa amesimama kati ya miti yake, kuku alikuja kudonoa karibu na miguu yake. Zaina akaachia mkono mmoja, akamfukuza.