Mibuni 1,763 ya Ta Kamugisha

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia masikio yananiwaka, lakini ngoja niseme mnicheke mara moja yaishe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana huko Nyabiyonza, najiona hakuna wa kunifikia kwa hesabu (kumbe!), na nilimpenda Kokubanza, binti wa Ta Kamugisha wa Bweranyange, mzee aliyejisifu kila mahali kwamba ana mibuni 1,763 ya kahawa, kaipanda mwenyewe kwa kamba, mistari yote idadi sawa. Nikasema ngoja niichunguze namba hiyo, nikimwonyesha elimu siku ya posa hataninyima mtoto. Nikaigawanya kwa mbili, ikakataa, kwa tatu, ikakataa, saba, kumi na moja, nikapanda hivyo hivyo hadi thelathini na saba, kila mara kuna baki. Ilibaki kujaribu arobaini na moja tu (maana arobaini na mbili mara yenyewe tayari inaipita; hiyo nayo ikikataa, basi namba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe), na hapo hapo nikasikia watu wanaitana, senene wameshuka, wale panzi watamu wa kukaanga. Nani abaki na hesabu senene wakiwa uwanjani? Nikatupa chaki, nikachukua kikapu, nikajisemea hii nayo itakataa tu.

Siku ya posa msemaji ni mshenga, kazi yangu kuinamisha kichwa. Ta Kamugisha akaanza kuisifu mistari yake, na ulimi ukaniwasha. Mshenga akanibana goti, nikasimama hivyo hivyo.

"Samahani, Baba, haiwezekani. Namba hiyo haigawanyiki. Mistari yako haiwezi kuwa sawa."

Nikamwona mshenga amefumba macho.

"Yaani nadanganya wageni nyumbani kwangu?" mzee akauliza taratibu. "Twende ukahesabu."

Tukaenda wote, wazee, kina mama, na Kokubanza nyuma yao. Nikahesabu mistari kwa sauti, na nilipofika thelathini na saba nikaona mbele bado minne. Arobaini na moja. Mzee akaniambia nihesabu mibuni ya mstari mmoja, ikawa arobaini na mitatu, wa pili vile vile, wa tatu vile vile.

"Zidisha, mwalimu."

Nikazidisha mbele ya watu wote, ikaja ile ile, elfu moja mia saba sitini na tatu. Nikapiga magoti kuomba radhi, nikakiri kwamba nilibakiza kugawanya kwa namba moja nikakimbilia senene. Watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Ta Kamugisha hakucheka.

"Umeniita mwongo kwa kazi ambayo hukuimaliza," akasema. "Binti yangu simkabidhi mtu wa hivyo."

Nikamtazama Kokubanza, labda atanionea huruma, akageuka akarudi ndani. Mwaka uliofuata aliolewa kijiji cha Rugera.

Tangu hapo mwanafunzi akiniuliza kama namba fulani inagawanyika, najaribu hadi mwisho, na kama sijafika mwisho nasema sijui, hata wakinicheka. Ile hesabu niliyobakiza nilikuja kuifanya baadaye, peke yangu. Haikuchukua hata dakika mbili.