Rinda la Buluu Kwenye Fungu la Kamera

Duka ninalofanyia kazi liko Kitale, nyuma ya soko, na jambo la kwanza nililojifunza pale ni kwamba nguo ya mtumba huanza kuchunguzwa kwenye kwapa. Shingo hufulika, pindo hushonwa upya, lakini kwapa, asemavyo mwenye duka, halijui kuficha. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama tu mikono yake belo, lile robota la mitumba, linapokatwa kamba: kwapa, zipu, pindo, halafu neno moja. Kamera ni nguo isiyo na dosari, inayopigwa pasi na kutundikwa mlangoni, walimu na wafanyakazi wa benki waione. Za daraja la pili hupangwa ndani: za ofisi upande huu, za kanisa upande ule, mikoba na mikanda kwenye misumari yake, mbali na nguo, kwa sababu anaamini mkoba mbovu huambukiza rinda zuri. Kinachobaki ni fagia. Fagia humwagwa chini kwenye gunia, ikauzwa kwa mafungu.

Watu pia anawapanga. Mteja akishatoka, anatupiwa neno lake mgongoni. Mimi nilipangwa wiki ya kwanza, mbele ya wenzangu. "Wewe ni fagia iliyopigwa pasi," alisema, na kila mtu akacheka, hata mimi. Tangu hapo kila asubuhi nainua mikono mbele ya kioo. Nikikuta uzi umechomoza nabadilisha blauzi, kisha nabadilisha tena. Nimewahi kuchelewa kazini kwa ajili ya kifungo.

Mama yangu alipofariki nilirudi nyumbani, Bungoma, ndani kidogo kutoka Myanga. Mdogo wangu wa kike, aliyemuuguza mwaka mzima huku mimi nikipanga mikoba, aliniomba kitu kimoja. Tulikuwa tukisugua sufuria za matanga.

"Dada, mimi nataka lile rinda la buluu la kanisa. Zingine wachukue."

Nikamwambia atalipata.

Kwetu nguo za marehemu hugawanywa siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele, na mkubwa ndiye huchagua kwanza. Mkubwa wa wanawake pale alikuwa shangazi, dada ya baba, ambaye hakumpenda mama akiwa hai na hata msibani hakujisumbua kujifanya. Alikalia kiti pekee chenye mgongo. Mkeka ukatandikwa, sanduku la mama likafunguliwa.

"Si wewe ndio wa nguo huko Kitale?" akaniambia. "Haya, tupangie. Na ufanye haraka, bana, mvua inakuja."

Mikono yangu ilianza yenyewe. Kwapa, zipu, pindo. Sweta: fagia. Sketi: fagia. Mama alinunua nguo zake chini, kwenye gunia la soko la Myanga, akazivaa mpaka zikaisha nguvu. Kila nilipotupa moja, wanawake waliguna.

"Kumbe sanduku lilikuwa la kuringia tu," akasema shangazi. "Mwenyewe ametuachia kazi ya kuchoma."

Wakacheka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Hakucheka.

Halafu likaja rinda la buluu. Nililigeuza. Kwapa la kushoto lilipasuka zamani, na mama alilitia uzi wa rangi ileile kutoka ndani, mishono midogo sana, iliyobanana kama meno ya kitana. Dukani lingekuwa fagia bila mjadala. Nilijua. Lakini ilikuwa nguo ya mwisho sandukuni, upande wa kamera mkeka ulikuwa mtupu, na sikuweza kuvumilia mama ahesabiwe kuwa hakuwahi kuwa na nguo hata moja nzuri. Nikalikunja kama za mlangoni, mikono nyuma, kola juu, nikaliweka peke yake.

"Hii ni kamera," nikasema.

Shangazi akanyoosha mkono. "Basi ni yangu."

Bila shaka lilikuwa lake. Mkubwa huanza, na mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuanzia. Ningeliita fagia, lingelala pamoja na zile nyingine, hakuna ambaye angelitazama mara mbili, na mdogo wangu angeliokota jioni.

"Shangazi, hilo mdogo wangu aliliomba."

"Aliomba nani? Mimi ndio nimekaa hapa." Akalikunjua, akalipima kifuani, halikumfika hata nusu. Akaingiza kidole kwapani. "Ngoja. Hii imeshonwa! Ati kamera. Huko Kitale ndio mnauzia watu hivi?"

Mwanamke mmoja alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi niliona mwanya. Nikasema kwa kuwa ni bovu, basi alirudishe kwa mdogo wangu.

"Nirudishe? Kitu ya marehemu ukishapewa hairudi. Hii itanifanyia deki."

Mdogo wangu aliweka ndoo chini. Aliniangalia mimi, si shangazi.

"Si ungenyamaza tu, dada."

Krismasi iliyofuata nilitumwa kumpelekea shangazi sukari. Rinda lilikuwa mlangoni pake, limekunjwa mara mbili, la kupangusia miguu. Kola ilikuwa imechakaa, pindo limeliwa. Niliinama kana kwamba nafungua viatu, nikageuza kwapa la kushoto. Mishono yote ilikuwapo.

Shangazi alikuwa ananitazama. Nikapangusa miguu, nikaingia.