Mshale Mdogo kwenye Faili la Mama

Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa na harufu yake. Ukiiwasha, kabla kioo hakijaonyesha lolote, sebule nzima ilianza kunuka vumbi lililopata moto na vidudu vya ziwani vilivyoungua. Watu wa Musoma wanavijua vidudu hivyo: vinapanda juu kutoka ziwani kama moshi, vinakuja mjini na kuingia kila penye mwanga na kila penye tundu, na asubuhi unavifagia barazani ukavizoa kwa kizoleo. Kwetu, mtaa wa Nyasho, vilikuwa vimeingia hata ndani ya sanduku la kompyuta, vikafia humo, na feni ikawa inavisaga kila siku kwa mlio wa mtu anayekoroma akiwa na mafua. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi la moto, hata ikiwa ni ya pasi tu, ninamwona mama amekaa mbele ya kile kioo cha zamani chenye chogo, amekunja mikono kifuani, anasubiri.

Mama alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja pale mjini, na vidole vyake vilikuwa vimefundishwa kupiga chapa bila macho kuvitazama. Ofisi ilipopata mashine mpya, zile kuukuu waliuziwa wafanyakazi, naye akaja na ya kwake ameipakata ndani ya bajaji. Shida ni kwamba mashine ile ilikuwa imechoka kuliko vidole vyake. Aliandika sentensi nzima mpaka nukta, kisha akakaa kungoja herufi zitokeze mojamoja, kama ng'ombe wanaotoka zizini. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki na hakuwa mtu wa kuacha utani ulale, alimwambia kila mara, “Mama Nyanjura, wewe umeshafika Bunda, mashine yako bado iko Nyasho inatafuta viatu.” Mama aliendelea kungoja. Alikuwa na subira ya ajabu kwa mashine ile, subira ambayo mimi na baba hatukuonjeshwa hata kidogo.

Alichokuwa akiandika hakikuwa kazi ya ofisi. Mama ni Mwikizu wa Nyamuswa, baba ni Mjita wa Bugwema, na nyumba yetu ya lugha mbili ikaishia kulea mtoto wa Kiswahili tu. Kila likizo tulipokwenda Nyamuswa, bibi, mama yake mama, alinisemesha, nami nikabaki kucheka kijinga. Alinishika kidevu, akanitazama kwa makini, kisha akamwuliza mama swali ambalo sikuhitaji tafsiri kujua kwamba lilinihusu. Jambo hilo lilimuuma mama. Ndipo akaanza kukusanya maneno ya bibi. Haikuwa kamusi, maana Kiikizu kina watu wake na wanakisema mpaka leo. Alichokitaka ni habari iliyokaa nyuma ya kila neno, vile bibi mwenyewe alivyoisema: neno la chungu, pamoja na siku bibi alipovunja chungu cha mama mkwe wake akavificha vigae kwenye ghala la mtama, neno la ng'ombe mwenye baka ubavuni, pamoja na ng'ombe wa namna hiyo aliyekuja kwao kwa mahari ya dada yake akakataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Hizo mbili nilisimuliwa mezani, ndiyo maana ninazo. Nyingine zilikuwa nyingi mno, na mama alisema tutazisoma pamoja nikikua kidogo. “Nakuandikia wewe,” aliniambia. “Sitaki bibi yako afe akiwa mgeni kwako.”

Kule Nyamuswa aliandika kwenye madaftari ya shule, na akirudi nyumbani alinakili kwenye kompyuta kila Jumamosi mchana. Daftari la kwanza kabisa lililiwa na mchwa, na tangu siku hiyo imani yake yote ikahamia kwenye mashine. “Mali bila daftari hupotea bila habari,” alizoea kusema, “na daftari bila kompyuta huliwa na mchwa.” Ukurasa uliokwisha kunakiliwa aliuchana, akaukunja kuwa pakiti, akatia karanga za kukaanga alizokuwa akiuza kazini. Nusu ya ofisi ile ilikula karanga kutoka ndani ya maisha ya bibi yangu. Wakati ule jambo hilo lilinichekesha sana, na sikumwona mtu mwingine aliyeona hatari yoyote ndani yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kidato cha kwanza, likizo ya mwezi wa sita, simu ilipokuja asubuhi kwamba bibi ameanguka shambani kwa kiharusi. Mama aliondoka na basi la siku hiyohiyo. Alisema atakaa siku mbili, akakaa wiki mbili. Baba alimpigia kila jioni, na kila jioni alikata simu akasema, “Hali ni ileile,” kisha akaenda nje kusimama bila kufanya kitu. Mtoto hajui kutibu kiharusi. Nilichojua mimi ni kwamba shuleni tulikuwa tumeanza somo la kompyuta, mwalimu alikuwa amenisifu mara moja mbele ya darasa, na mama angerudi amevunjika moyo akakuta mashine inayomchelewesha. Nikaamua kumtengenezea. Baba alipoambiwa alifurahi kuliko mimi, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa akitafuta kitu cha kufanya. “Fanya, mama,” aliniambia, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita binti zao wakiwapenda. “Akirudi akute jambo moja limenyooka.”

Nilianza na vumbi. Nilifungua sanduku kwa bisibisi ya baba, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, na vidudu vikavu vikatoka vingi kiasi cha kujaza kikombe. Mashine ikaacha kukoroma, lakini mwendo ukabaki uleule. Hapo baba akamleta Magesa, fundi wa simu na kompyuta aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Magesa aliitazama kidogo akasema dawa yake ni kupiga windo tu, yaani kufuta kila kitu kilichomo na kuweka mfumo mpya toka mwanzo. Alikuwa mtu mwangalifu. Sitaki mtu amlaumu. “Mdogo wangu,” aliniuliza, “hii inafutaga kila kitu, unaelewa? Vitu vya mama mlikuwaga mnaviweka wapi?” Nilimwambia ninajua, na kwamba nitavihamisha mwenyewe. Nilitaka nije nimwambie mama kwamba ni mimi.

Faili la mama lilikuwa palepale usoni pa kioo, picha ya jalada la njano lililoandikwa “Maneno ya Mama”. Pembeni kwa chini palikuwa na mshale mdogo uliopinda. Nilikuwa nimeuona mshale ule miaka yote nikadhani ni pambo. Nikalinakili faili kwenye flashi, na kufumba na kufumbua likawa limeingia. Nakumbuka nilivyofurahi: kazi ya mama ya miaka mitatu, kumbe ni nyepesi hivyo! Magesa akauliza kama nimejaribu kulifungua. Nikalifungua kutoka kwenye flashi, mbele ya macho yake, na maneno yote ya bibi yakajitandaza kwenye kioo. “Limefunguka,” nikasema, wala sikusema uongo. Wanaozijua kompyuta wameshaelewa. Kwa wasiozijua niseme wazi: mshale ule ni dalili kwamba kile unachokiona si faili, ni njia tu ya kwenda kwenye faili. Faili lenyewe lilikuwa limelala mahali pengine ndani ya mashine, mtu wa ofisini alimwekea mama ile njia ya mkato ili asihangaike kulitafuta. Mimi nilinakili njia. Ilifunguka kwa sababu bado ilikuwa na mahali pa kufika. Nilibeba kibao cha barabarani nikadhani nimebeba kijiji, kisha nikamwambia fundi aendelee.

Mama alirudi Ijumaa alasiri, amekonda. Bibi alikuwa hai, alituambia, ila upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi ulikuwa umelala, hasemi tena. Baba hakuweza kungoja hata avue viatu. Alimshika mkono akampeleka kwenye kompyuta, nami nikaiwasha, ikawaka papo hapo, bila kelele, bila harufu. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akakaa nyuma yangu, na kanga zake za safari, akasema kwa sauti ndogo, “Hebu nifungulie maneno ya bibi yako nisome kidogo. Nataka nimsikie.” Nikachomeka flashi nikabonyeza. Yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba kitu hicho hakipo. Nikabonyeza tena. Nikachomoa, nikachomeka, nikabonyeza. Mama alikuwa nyuma yangu, amekunja mikono kifuani kama alivyozoea. “Usiihangaishe, mwanangu,” akasema. “Ndivyo ilivyo, inachelewaga. Tusubiri.”

Sijui nilichukua muda gani kumwambia kwamba hakuna cha kusubiri. Nakumbuka tu kwamba hakunipiga. Mama yangu, aliyewahi kunichapa kwa sababu ya sukari iliyomwagika, hakuninyanyulia hata kidole, na siku ile nililia kwa kutopigwa. Magesa aliichukua mashine, akaihangaikia siku mbili kibandani kwake, akarudi na kurasa zilizojaa visanduku na alama za ajabu zisizosomeka. Alikataa malipo, akaondoka ameinamisha kichwa. Baba naye akajaribu kutafuta neno. “Mama Nyanjura,” alisema, “kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.” “Koleo halijavunjika,” mama akajibu. “Mhunzi ndiye amelala.” Baba hakutania tena mwezi mzima.

Kabla likizo haijaisha, mama alinunua daftari jipya tukaenda wote wawili Nyamuswa. Bibi alikuwa amewekwa kwenye kiti cha plastiki ukutani, miguu imefunikwa blanketi, uso umevutwa upande mmoja. Alinitambua. Tulikaa karibu naye, daftari likiwa wazi mapajani mwa mama, na ng'ombe wa jirani wakawa wanapita kwenda kunywa maji. Mmoja wao alikuwa na baka jeupe ubavuni. Bibi akauinua ule mkono wake wa kushoto, akamnyooshea ng'ombe yule, akageuka kunitazama mimi, si mama, akafungua kinywa. Midomo ilihangaika. Shingo ilikaza. Ikatoka sauti moja ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho, na macho yake yakajaa hasira na machozi, kwa kuwa yeye mwenyewe alisikia kwamba halikuwa neno. Mama akamfuta mate kwa ncha ya kanga, akalifunga daftari. Mimi nilimshika bibi mkono. Nilitaka kumwambia anisamehe, na hata neno hilo sikuwa nalo kwa lugha yake. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Siku hizi kazi yangu yote ni ya kompyuta, na ninazo mashine zinazowaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Kila ninachoandika kinahifadhiwa mahali patatu, na wafanyakazi wenzangu wananicheka kwamba nina ugonjwa. Waache wacheke. Nikipata nafasi ninapanda basi mpaka Bunda, kisha Nyamuswa, ninaketi na wazee majirani wa bibi na kuwauliza maneno, na wananipa kwa ukarimu. Ninayo mengi sasa, pengine kuliko aliyokuwa nayo mama. Ninajua neno la chungu, ninajua jina la ng'ombe mwenye baka, ninaweza kusalimia na kujibu na hata kuomba msamaha. Lakini kila neno limekuja na habari za mwenyewe aliyenipa, chungu cha mwingine, mama mkwe wa mwingine, na nikiyasoma yote kutoka juu mpaka chini simkuti bibi humo. Ninakisema Kiikizu vizuri kiasi ambacho angeshangaa, na zaidi ya zile habari mbili za mezani sina la kwake la kusema.

Krismasi iliyopita nilijipa moyo nikamwuliza mama, ambaye sasa amestaafu, kama anaweza kunisimulia anachokumbuka. Hatukuwa tumeligusa jambo hilo tangu utoto wangu. Alifikiri, mikono ikiwa ndani ya beseni la mchele. “Niliyaweka mle ili nipumzike,” akasema. “Ukishaandikaga kitu, kichwa kinaachia.” Kisha akasita, uso ukamng'aa kidogo. “Kuna moja. Siku hiyo nilikuwa nanakili, nikacheka mpaka nikashuka chini ya kiti. Baba yako alitoka bafuni na sabuni kichwani, akidhani nimepatwa na jambo. Bibi yako alikuwa amesema kitu kuhusu ndoa yake, kitu cha ajabu sana.” Mikono yake ikatulia ndani ya mchele. “Nilicheka kweli siku ile. Sasa alikuwa amesema nini?” Akainua uso akanitazama, kwa namna mtu anavyomtazama mwenye kitu ili amkumbushe. Na kweli kilikuwa changu, kiliandikwa kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyetakiwa nimjibu. Nikamwambia, “Mimi pia sijui, mama.”