Nilikula pumba za ng'ombe ili niingie kwenye kanzu ya marehemu baba

Salaam aleikum wakuu, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Nianze na ujinga wenyewe kabla hamjaniuliza. Mimi mtu mzima, mwenye cheti cha fomu foo, nimekula pumba za ngano za kulishia ng'ombe. Kwa kijiko. Asubuhi na jioni. Hakuna aliyenishikia fimbo.

Ninayoandika nimeyapitia na tumbo langu mwenyewe, sijaongeza kitu. Aliye mezani amalize kula kwanza, maana uzi huu una habari za choo kuanzia hapa mpaka chini.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona kofia za vito, zile za matundu madogo ya kudarizi kwa sindano, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ni kukaa. Naketi mkekani karibu na dirisha, sindano mkononi, mpaka muadhini aniinue. Safari yangu ndefu ni kwenda Biashara Street kununua nyuzi, na nikirudi nahadithia kama nimetoka ng'ambo.

Tunaishi juu: mimi, mama, na dada yangu mdogo Rukia. Chini anaishi Bi Saada, mjane, asubuhi anauza mahamri na mbaazi barazani, mchana yuko kwenye cherehani yake. Choo kiko chini, ubavuni mwa mlango wake, na twatumia sote. Likumbukeni hilo la choo.

Tumbo langu, kwa haki, amelijenga Bi Saada. Mahamri yake hayana mfano, na mimi si mtu wa kumvunja mtu moyo.

Sasa, Rukia akaposwa. Kijana mzuri, hana neno. Baba alifariki Rukia akiwa bado shule, na ndugu wa kiume ni mimi peke yangu. Kwa hiyo siku ya nikaha mimi ndiye walii. Mimi ndiye wa kuketi msikitini mbele ya watu, kumshika mkono bwana harusi na kutamka kwamba nimemuoza dada yangu.

Mama akafungua sanduku akatoa kanzu ya baba. Nyeupe, ina darizi ya hariri shingoni, bado yanukia udi. Akasema, "Nataka uivae hii, ili Rukia asiwe hana baba kabisa siku ile."

Nikaivaa. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Ilipofika tumboni ikasimama kama lifti iliyokatiwa stima.

Mama akavuta. Nikavuta pumzi ndani. Mahali fulani uzi ukalia.

Akanivua taratibu, akaikunja. "Basi si neno, tutanunua nyingine."

Wakuu, mimi nazijua "si neno" za mama. Ile ilikuwa neno, tena kubwa. Nikajiapia kwamba kanzu ile nitaivaa, hata kama itabidi tumbo libaki nyumbani.

Nikaingia kwenye simu. Kuna jamaa mmoja huko, tumbo lake limekatikakatika kama sabuni ya mche, akasema siri ni fiber. Maharagwe, mboga za majani, oats, chia, na juu ya yote hayo bran, yaani pumba za ngano. Ati inashibisha, inasafisha utumbo, mafuta yanaondoka yenyewe. Akasema pia jambo kuhusu maji, lakini hapo nilikuwa nimeshainuka kutafuta viatu.

Bran ya kwenye pakiti nilipoiona dukani nikaona ni pumba zile zile za ng'ombe tu, zimevishwa nguo za sikukuu. Nikaenda Majengo, kwenye duka la chakula cha mifugo. Muuzaji, jamaa wa bara, akanipimia huku akiniuliza, "Boss, uko na ng'ombe ngapi?"

Nikamwambia, "Mmoja tu."

Jamani, sikudanganya.

Kesho yake Bi Saada akanifungia mahamri yangu ya kila siku. Nikamwambia, "Ahsante bibi, siku hizi niko diet." Akanitazama kama nimemwambia nimebadili dini.

Siku za mwanzo ilikuwa upepo. Tumbo linaongea lenyewe. Wageni wa upande wa bwana harusi wako sebuleni na mama wakipanga mambo, mimi chumba cha pili nabana mpaka machozi. Mmoja akauliza, "Ni ngurumo hiyo? Mvua yaja?" Rukia akajibu, "La, ni kaka yangu yuashona." Mtoto hana adabu yule.

Nikajipa moyo kwamba ndiyo mafuta yanatoka.

Halafu upepo ukaisha, na kila kitu kikaisha. Kimya. Njia imefungwa.

Hapa nieleze kosa la pili, ambalo ndilo lililoniua. Kwetu maji ya bomba ni kwa bahati. Ya kisimani ni ya chumvi, twaogea. Maji matamu yaja na mkokoteni, kwa mitungi, na mtu wa kupandisha mtungi kwenye ngazi zile zilizosimama wima ni mimi. Sasa mtu mvivu ana hesabu zake. Nikinywa sana, mtungi utaisha upesi, nitabeba mwingine. Nikinywa sana, nitashuka chooni mara nyingi, na nikipita Bi Saada atauliza maswali. Basi mimi kinywaji changu ni kahawa kikombe kidogo, chai kikombe kidogo, yamekwisha.

Juu yake naweka pumba kavu, maharagwe, na chia. Mwenye kujua ujenzi ashaelewa nilikuwa nakoroga nini tumboni.

Tena nikaona hakuna matokeo, nikasema labda fiber ni kidogo. Nikaongeza!

Nikawa mtu asiyetulia. Mimi, niliyezoea kukaa tangu alfajiri, siketi. Nikiketi tumbo lanisukuma, nikisimama mgongo waniuma, nikilala najiona nimemeza mto. Nikawa nazunguka kutoka dirishani mpaka ngazini, ngazini mpaka dirishani. Kofia ya mteja nikaipigia vito upande ambao si wake, nikafumua, nikakosea tena. Vidole vimejaa matundu ya sindano.

Nashuka chooni, nakaa, napanda bure. Nikifika juu nahisi kama kuna dalili, nashuka mbio. Bure. Nje ya mlango Bi Saada anagonga na kopo lake.

"We mwana, wamaliza leo au nikaombe choo msikitini?"

"Natoka, bibi."

"Kwani wala nini siku hizi?"

"Fiber, bibi."

"Ndiye mdudu gani huyo?"

Harusi ikawa yakaribia. Kanzu ya baba mama aliitundika ukutani chumbani kwake, na kila nikipita naiona. Nikajifungia nikaijaribu. Wallahi ilikwama juu zaidi kuliko mara ya kwanza. Badala ya kupungua nilikuwa nimefura kama andazi lililolala na hamira.

Niliketi kitandani nimevaa kanzu nusu, na nikaona wazi: siku ya dada yangu nitaiharibu mimi, kwa tumbo langu.

Nikaenda zahanati moja kule Ganjoni, mbali kidogo na macho ya mtaa. Daktari ni binti kijana. Akaniuliza kama natapika, kama kuna damu, kama maumivu ni makali ya kutovumilika. Nikasema hapana. Akaniuliza nakula nini, nikamweleza. Akaniuliza maji. Nikamhesabia vikombe vyangu viwili vidogo.

Akasema chakula cha nyuzinyuzi ni kizuri, lakini mwili huzoeshwa kidogo kidogo, na nyuzinyuzi bila maji hugeuka kizuizi. Niache pumba, ninywe maji, nile mapapai, nitembee, na nisiwe na haraka, mambo yatarudi. Kwa habari ya ng'ombe wangu hakucheka. Aligeuka akatazama ukuta kwa muda, basi.

Nisiwe na haraka! Na nikaha ni Ijumaa!

Kosa la tatu. Nikanywa maji kweli, nikala papai kweli, lakini Alhamisi jioni nikachemsha na sanamaki. Wakubwa wa pwani waijua dawa hii, majani ya kufungua tumbo. Watu huweka kiasi. Mimi nikaweka konzi.

Ijumaa asubuhi tumbo bado kimya. Mama akaniita, akanipa kanzu ya baba. Nikamwambia, "Mama, usinitie aibu, haiingii." Akasema, "Vaa."

Nikavaa. Ikapita mpaka chini, laini. Nikatazama ubavuni, pana vipande vya kitambaa vimetiwa kila upande, vyeupe vile vile, mshono hauonekani kama hujainua mkono. Nikajua ni cherehani ya nani.

Baada ya Alasiri tukawa msikitini. Nimeketi nimekunja miguu, nimemshika mkono bwana harusi, shekhe yuatoa hotuba. Na hapo ndipo sanamaki ikabisha hodi.

Jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi. Shekhe ana hotuba tamu, ndefu. Mkono wa bwana harusi nimeubana, naye masikini yuanitazama, adhani namtisha. Kila msokoto ukija nasoma dua zote nizijuazo.

Nikapewa maneno nitamke. Nikayatamka kwa pumzi moja, mbio, yote yakagongana. Shekhe akanyanyua mkono.

"Taratibu, Salimu. Unaoza, hukimbizwi."

Watu wakacheka. Nikafumba macho. Nikashusha kichwa, nikaiona darizi ya baba kifuani mwangu. Nikasema moyoni, tumbo, nipe dakika moja tu, halafu ufanye utakalo.

Nikayatamka upya, neno baada ya neno, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nimekuoza dada yangu Rukia. Bwana harusi akasema amekubali. Halwa ikaanza kupita.

Mimi sikuiona halwa. Niliinuka, macho yamejaa maji, nikapita katikati ya watu nimeinua kanzu kidogo, nikatoka.

Mtaani ikavuma kwamba kaka ya Rukia alimkumbuka baba yake akashindwa kujizuia. Mama alipoelezwa alilia, akanishika uso. Nami nikamwacha aamini hivyo. Kusema kweli, machozi mengine yalikuwa ya baba kweli. Mengine ni ya sanamaki. Mchanganyo wake siujui.

Wakuu, fiber sio adui. Siku hizi nala mboga zangu, maharagwe yangu, mtungi naupandisha mwenyewe na nanywa, na choo changu ni cha heshima. Lakini msiruke kutoka mahamri kwenda zizini siku moja, na chakula cha mifugo muwaachie mifugo. Mkifungwa siku nyingi muoneni daktari, msijichemshie konzi za majani.

Nani mwingine alishaingia vita na tumbo lake akashindwa? Mwageni hapa chini, msiniache na aibu peke yangu.

Na mahamri je? Nilirudi kwa Bi Saada kumshukuru kwa ile kanzu, nikaona nimweleze yote, tangu Majengo mpaka sanamaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungia mahamri mawili badala ya manne, akaniambia:

"Kanzu aliyoniletea mamako niliimaliza kabla adhuhuri haijaadhiniwa, ungeniletea wewe tangu mwanzo. We ukaona bora ule chakula cha ng'ombe, na maji ayanywayo ng'ombe mwenyewe yakakushinda."