Mfagiaji Aliyekatazwa Kusalimia

Mfagiaji wa barabara ya soko alitishiwa kufukuzwa kazi kwa kosa la kuwasalimu wapita njia. Meneja mpya, kijana mwenye tai ndefu kuliko adabu zake, alidai kwamba salamu hula muda wa kazi. Mama wa watu akafunga mdomo.

Asubuhi moja bibi asiyemjua akasimama mbele yake.

"Hujambo, mwanangu?"

Akainama, akaendelea kufagia.

"Kwani wewe hukufunzwa na wazazi?"

Kutukaniwa wazazi hakukuweza. "Walinifunza, mama. Meneja ndiye aliyenikataza."

Bibi akashusha kikapu. "Meneja huyo nimemzaa mimi."

Amri ilifutwa tarehe 4 Machi 2019. Tangu hapo meneja akipita husema, "Shikamoo, mama," naye huitikiwa marahaba bila ufagio kusimama.